Mwongozo wa Kufuga Panya wa Nyoka Gikomba, kwa Mwenye Haraka

Kabla hujanunua hata msumari mmoja, utaambiwa kwamba kufuga panya katika soko la Gikomba, Nairobi, ni sawa na kupeleka samaki Kisumu. Waache waseme. Wengi wao wameishi na panya maisha yao yote, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumlisha nyoka wa mtu.

Panya wapo, hilo halina ubishi. Wapo chini ya meza za samaki, wapo kwenye magunia ya maharagwe, wamelala ndani ya marobota ya mitumba ambayo bado hayajafunguliwa, na kando ya Mto Nairobi wanatembea mchana kweupe bila kuogopa paka wala kanjo. Ukiwatazama kwa jicho la biashara utaona pesa zinakimbia bure. Usiwaguse. Umemsikia yule muuza dawa mwenye kipaza sauti kinachorudia wimbo mmoja tangu asubuhi: panya, mende, kunguni, viroboto? Wateja wake ni majirani zako. Dawa nyingi za panya kazi yake ni kuzuia damu kuganda, na panya aliyezila hafi pale pale. Huzunguka siku kadhaa akiwa na sumu ndani ya ini, mzito, mlegevu, rahisi kukamatwa. Huyo ndiye utakayemshika kwanza ukishangilia wepesi wa mikono yako, na huyo ndiye anayeweza kumuua nyoka wa mteja. Hata asiyekula dawa amebeba minyoo, viroboto na leptospirosisi katika mkojo wake. Mji huu una historia na panya: mwaka 1902 tauni ilipozuka katika Bazaa ya Wahindi, daktari wa serikali aliamuru bazaa yote itiwe moto.

Kwa hiyo meza hili mapema: katika soko lenye panya wa bure kila pembe, wewe utatoa pesa kununua panya.

Unaowataka ni wale weupe, au wenye mabaka, ambao babu zao walizaliwa katika vizimba vya maabara na hawajui mtaro ni nini. Wako wa aina mbili, na lazima uchague. Wadogo wana uzito wa gramu 20 hadi 30 wakikomaa, hula kidogo, na hunuka kuliko umbo lao linavyoruhusu. Wakubwa, ambao dume hufikisha gramu 400 na kupita, hula sana, hunuka kidogo, na wana akili. Usifurahie hiyo akili. Panya mkubwa akikuzoea anakuja mlangoni mwa kizimba ukirudi kazini, anapanda mkono, anajua sauti yako. Wiki ya pili utampa jina. Ukishampa jina umepoteza mali, kwa sababu hakuna mtu anayemtia Wanjiku kwenye mfuko na kumpelekea nyoka. Kule Morogoro shirika la APOPO, lenye kambi yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020, akastaafu kwa heshima mwaka uliofuata. Usisome habari hizo katika msimu wa mauzo.

Sasa mteja. Mteja wako hakai Gikomba, wala Shauri Moyo, wala Majengo. Huku mtu akiona nyoka hatafuti chakula chake, anatafuta jembe. Anakaa upande ule wa mji wenye malango, na amemweka nyoka wake ndani ya sanduku la kioo lenye taa, lililogharimu kuliko kodi yako ya mwaka. Swali lako la kwanza kwake lisiwe la bei. Muulize cheti cha KWS, shirika la wanyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, nyoka wa Kenya ni mnyamapori kama simba alivyo mnyamapori, na huwezi kumfuga sebuleni kwa sababu tu anaingia kwenye ndoo. Mteja asiye na cheti atakuambia kwamba cheti kinatengenezwa. Hicho cheti kitatengenezwa mpaka uzeeni.

Hapa pana kichekesho ambacho hakitakuongezea senti, lakini ni vizuri ukijue. Yuko nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya chungwa na kahawia, anayejizika mchangani katika sehemu kame za kaskazini mwa nchi yetu. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wanampenda mno kwa sababu ni mpole na hana mahitaji mengi. Wamemzalisha kwa vizazi vingi, wakamtengenezea rangi ambazo Mungu hakuziwaza, na wanamuuza kwa jina la Kenya. Mtoto wa Ohio anaweza kumpata kwa posho yake ya mwezi, na panya wa kumlisha anauzwa katika duka la wanyama, amegandishwa na kufungwa kwenye mfuko kama minofu ya kuku. Mtoto wa Garissa, ambaye nyoka huyo amezaliwa nyuma ya nyumba yao, anahitaji kibali. Sisemi sheria ni mbaya. Nasema soko lako kubwa liko Ohio.

Tuendelee na vizimba, maana hapa Gikomba inakubeba. Vuka uende Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wale wanaogonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni mpaka masikio yanazoea. Fundi atakuuliza:

“Ni cha kuku?”

“Ni cha panya.”

“Cha kuwashika?”

“Cha kuwafuga.”

Ataweka nyundo chini. Atakutazama, atamtazama mwenzake, kisha atataja bei mara mbili ya ile aliyokuwa nayo kichwani, kwa sababu mtu wa namna yako hajui thamani ya pesa. Usimkasirikie. Mwelekeze tu asitumie waya wa kuku. Panya mdogo hupita popote fuvu lake linapopita, na tundu la kipenyo cha penseli linamtosha. Waya unaofaa ni ule wenye matundu madogo wa kuanikia kahawa, unaouzwa kwa mita. Mbao usizitaje: meno ya panya hayaachi kukua mpaka siku ya kufa, na ubao kwake ni dawa ya meno. Beseni la plastiki lenye ukuta mrefu laini linaweza kukufaa, mpaka siku atakapopata ukingo mmoja wa kushika kwa meno. Usiku mmoja tu unatosha.

Matandiko yako kando yako. Penye mafundi wa mbao kuna maranda, yale yanayomwagika chini ya randa, na watakupa gunia karibu bure. Uliza ni ya mti gani. Mtarakwa unanukia vizuri na nondo wanauogopa, lakini harufu ile inaumiza mapafu ya panya. Na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni sumu tupu. Fundi atakuapia kwamba si mtarakwa. Fundi hajui ni mti gani, ila amegundua jibu ulitakalo.

Chakula ni eneo ambalo watu wanaharibu kwa ubahili. Unga wa posho peke yake utawashibisha, wakapendeza, kisha jike atazaa na kuwala watoto wake kwa sababu mwili unadai protini. Wape nafaka mchanganyiko, maharagwe yaliyopikwa, mboga, na kidogo cha omena, ambao Gikomba wako tele. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa ya kujengea ganda la yai, na panya hatagi. Maji wape kwa chupa iliyoning'inizwa kichwa chini. Bakuli hugeuka choo ndani ya saa moja, na vichanga huzama humo. Omena nao wana gharama yao ya siri: paka wote wa soko la samaki watajua unapokaa.

Harufu. Nimeiweka hapa katikati ili wasiosoma mpaka mwisho waikute. Mkojo wa panya dume mdogo ni tangazo, na umeumbwa uwe tangazo. Anauandika kwenye kila ukuta, kila siku, upya. Ukikaa siku tatu bila kubadilisha maranda, mkojo umekuwa amonia, na amonia inawachoma panya mapafu kabla haijakuchoma wewe. Wataanza kupiga chafya. Wewe utakuwa umezoea. Ndio ubaya wa harufu hiyo: mwenye nayo ndiye wa mwisho kuijua. Utaingia matatu ya kwenda Eastleigh na kiti cha pembeni kitabaki wazi mpaka mwisho wa safari.

Na unakaa ploti, usisahau. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ukuta wa mabati au wa mbao, choo kimoja kwa milango minane. Panya huamka unapolala. Mama wa chumba cha pili atasikia mikwaruzo ukutani saa nane za usiku, na kwa kuwa ni mwanamke mwenye busara atafanya kitu cha busara: kesho yake atamngoja yule mtu wa kipaza sauti. Atapaka dawa kwenye kipande cha nyanya na kukiweka mlangoni pako, kwa wema, maana anadhani nawe unateseka. Mweleze mapema, na ueleze vizuri. Usianze na neno nyoka. Ukianza na nyoka, habari itakayofika kwa keateka jioni ni kwamba kijana wa chumba cha nne analisha jini, na keateka atakuja na sentensi moja tu: “Kijana, hapa tunapangisha watu.” Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya mwaka 1921, chini ya miaka ishirini baada ya tauni ile ya bazaa, na wala haikuandikwa kwa ajili ya kukuchekea wewe.

Julai baridi ikiingia, vichanga uchi wasio na manyoya wataanza kufa, na utashawishika kuwafungia balbu usiku kucha. Hapa naacha mzaha. Panya hutafuna waya wa stima, na Gikomba si mahali pa kuchezea waya. Soko hili limeungua mara nyingi. Alfajiri ya Juni 28, 2018 moto uliwaua watu 15. Waongezee panya karatasi na vipande vya mitumba ya pamba wajenge kiota. Wanajua kujenga.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo imekuleta. Jike mdogo hubeba mimba siku 19 hadi 21. Huzaa watoto sita, wanane, pengine kumi na wawili. Ndani ya saa 24 baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine, akiwa bado ananyonyesha. Watoto huacha ziwa wakiwa na wiki tatu, na wakiwa na wiki sita wako tayari kuwa wazazi. Anza na dume mmoja na majike wawili, usitenganishe mtu, na kwa watoto wanane kila uzazi utakuwa umevuka panya 130 kabla ya wiki ya kumi na tatu. Utaichora hesabu hiyo nyuma ya risiti ukiwa kwenye foleni ya M-Pesa. Utazidisha kwa bei. Utamwona mwenye nyumba akikupigia simu kwa adabu.

Ila kuna hesabu ya upande wa pili. Nyoka mdogo wa mteja wako anakula panya mmoja kwa wiki. Akikomaa, mmoja kwa wiki mbili. Akitaka kujivua gamba hali. Baridi ikija hali. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye wafugaji wa dunia nzima wanampenda anaweza kusimama kula miezi kadhaa bila ugonjwa wowote, amejikunja tu, akiwaza yake. Katika hizo wiki kumi na tatu, wewe umepata panya 130 na mteja amechukua kumi na wawili, nao kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Panya wanaishi kwa kalenda ya wiki na nyoka kwa kalenda ya misimu, na wewe umejiweka katikati na kikombe cha kupimia chakula. Nani anamfugia nani hapo? Ukikaa ukafikiri vizuri, utaona si wewe wala si nyoka aliye bwana wa nyumba.

Utajaribu kupunguza kasi. Utatenganisha madume na majike, na kwa kazi hii muuza mitumba ana kipaji cha kuzaliwa, kwani tangu utotoni amechambua kamera, nguo za daraja la kwanza, kutoka kwenye fagia, zile za mwisho, kwa kugusa tu. Angalia umbali kati ya matundu mawili ya nyuma: wa dume ni mrefu, wa jike ni mfupi. Ni rahisi ukiwa nao wawili kando kwa kando mchana. Usiku, kwa taa ya simu, wote ni majike, na baada ya wiki tatu utashangaa muujiza katika kizimba cha wasichana.

Au utafanya kinyume, utataka kuboresha ukoo, ununue dume mpya mwenye afya na kumtia kwa majike waliopandwa juzi. Mwanasayansi wa Uingereza Hilda Bruce alieleza mwaka 1959 kinachofuata: jike mdogo mwenye mimba changa akinusa mkojo wa dume mgeni, mimba huharibika, na siku chache baadaye yuko tayari kwa huyo mgeni. Haguswi, hatishwi, ananusa tu. Kwa hiyo dume wako wa gharama amekuja na kufuta kazi ya mwenzake yote bila kuinua mguu. Nimewasimulia wazee wa Majengo jambo hili na wamekataa kuamini mpaka leo, lakini vizimba havibishani.

Uchinjaji, ambao miongozo mingine inauruka. Usimpe nyoka panya hai ukaenda kulala. Nyoka asiye na njaa na panya mkubwa mwenye njaa wakifungiwa sanduku moja, asubuhi panya ndiye ameshiba. Wako nyoka wengi waliotafunwa mgongo mpaka mfupa. Panya huuawa kwanza, haraka, na mtu aliyefundishwa: maabara hutumia hewa ya kaboni dioksidi inayoingizwa polepole, wengine huvunja shingo kwa mkono mmoja wenye uhakika. Kumtupa hai ndani ya friza ni ukatili, na ukatili kwa wanyama una sheria yake, Sura ya 360. Akishakufa anagandishwa, kisha huyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu siku ya kuliwa. Friza huna. Jirani anayo, anauza barafu za watoto za rangi tatu. Usimwombe. Kuna maombi ambayo hata yakikubaliwa yanaharibu mtaa.

Kuhusu wateja wakubwa, usijidanganye. Bustani ya Nyoka ya Nairobi iko pale Museum Hill, Bio-Ken iko Watamu tangu James Ashe alipoianzisha mwaka 1980, na wako watafiti wa sumu ya nyoka kule Karen. Mwenye nyoka wengi namna hiyo hangoji kijana aje na mfuko kwa matatu. Anafuga panya wake mwenyewe, na pengine anao wengi kuliko wewe, maana kalenda zile mbili hazimhurumii yeye pia.

Hii nchi ilishapita njia hii na ndege. Mwaka 2013 na 2014 kila aliyekuwa na kibanda alifuga kware. Yai dogo la madoa lilisemwa linatibu kila kitu, likauzwa mara kadhaa ya yai la kuku, na watu walipanga foleni KWS kutafuta vibali. Kisha kila mtu akawa muuzaji. Mayai yakalala madukani, kware wakageuka mchuzi. Walioondoka na pesa ni wale wa mwanzo, na hawakuziondoa kwenye mayai. Waliuza vifaranga, vizimba na semina za Jumamosi kwa wageni wa biashara.

Kwa hiyo siku utakapochoka, panya wakiwa wamefika 130 na mteja akiwa ametuma ujumbe kwamba nyoka ameacha kula na atakupigia mwezi wa tisa, usiwamwage mtoni. Weupe wengi hawatadumu, lakini watakaodumu watazaana na wadogo wa mtaani, na mama wa chumba cha pili ana kumbukumbu nzuri. Subiri simu. Atapiga kijana wa Kayole au Dandora, amesikia kuna mtu Gikomba anafuga panya wa nyoka, na atauliza kama ni kweli wanazaa haraka. Mwambie ndiyo, maana ni kweli. Akiuliza soko, mwambie lipo, limekupigia simu sasa hivi. Kisha mpunguzie bei ya vizimba, na maranda umpe bure.